Shimo la Luoyang, Chungu cha Tichitt

Chini ya mji wa Luoyang, katikati ya China, kuna mashimo 287 yaliyopangwa kwa safu. Lilikuwa ghala la serikali, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 7 enzi ya Sui na kutumika kwa nguvu zaidi enzi ya Tang iliyofuata. Kila shimo lilikaushwa kwa moto, likatandikwa mbao na mikeka, kisha likajazwa nafaka na kufunikwa. Humo ndani watunza ghala waliacha matofali yaliyoandikwa: shimo liko upande gani, nafaka imetoka wapi, ni kiasi gani, iliingia lini, na maofisa gani wanawajibika. Shimo namba 160 lilipochimbuliwa, nafaka bado ilikuwamo, imegeuka mkaa kwa umri. Wachimbaji walikadiria kwamba lilibeba takriban tani 250. Nafaka yenyewe ilikuwa su, ile ambayo suke lake hujipinda kama mkia wa mbweha na punje zake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Sasa tuweke kando yake kigae cha chungu kutoka Dhar Tichitt, kwenye majabali ya kusini-mashariki mwa Mauritania. Miaka 3,500 hivi iliyopita mfinyanzi mmoja alichanganya makapi ya uwele kwenye udongo wake ili chungu kisipasuke motoni. Makapi yaliungua, alama zake zikabaki. Hakuna tarehe iliyoandikwa wala jina la ofisa. Hata hivyo mtaalamu akikikagua kigae hicho kwa darubini anaona mahali kikonyo cha punje kilipokatikia, na hapo hujua jambo kubwa: mmea huu haukupukutisha mbegu zake wenyewe kama afanyavyo nduguye wa mwituni, bali ulisubiri mkono wa mvunaji. Kigae kimetunza kumbukumbu ambayo mfinyanzi hakukusudia kuiandika.

Su na uwele havina undugu wa karibu, na watu waliovilima kwanza hawakujuana. Kinachofanya ulinganisho uwe na maana ni sifa zinazofanana mno: punje ndogo, msimu mfupi, mahitaji haba ya maji, na uwezo wa kukaa ghalani muda mrefu. Tumezoea hadithi isemayo kwamba nafaka ndiyo mama wa dola. Kwamba ziada huzaa ghala, ghala likazaa karani, na karani akamzaa mfalme. Hadithi hiyo ilitungwa kwa kuangalia ngano na shayiri za Mesopotamia, na Luoyang inaelekea kuithibitisha. Lakini nafaka zenye sifa zile zile ziliwekwa kwenye ghala za aina nyingi, na si kila mahali ufunguo ulikabidhiwa serikali. Mimi naona punje zenyewe hazina siasa. Siasa iko katika swali la nani anaruhusiwa kufungua.

China ya kaskazini ina nafaka mbili za kale za namna hii. Pamoja na su kuna shu, ambayo suke lake hutawanyika na ambayo aina zake nyingine hunata zikipikwa. Huko Cishan, mkoani Hebei, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta zaidi ya mashimo 80 yenye mabaki ya nafaka, ya kijiji cha miaka 8,000 hivi iliyopita. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilidai kwamba shu ya Cishan ina miaka 10,000. Wengine wanayatilia shaka makadirio hayo, na shaka zao zina uzito. Ushahidi wa Xinglonggou, huko Mongolia ya Ndani, hauna mgogoro mkubwa hivyo: punje zenyewe zilizoungua, nyingi zikiwa za shu, za miaka ipatayo 7,700. Shu ndiyo iliyotangulia kushamiri kwa sababu huiva haraka na haichagui udongo. Su ilikuja kuipita vijiji vilipokua na kutulia katika zama za Yangshao, kwani mavuno yake ni mengi pale penye matunzo.

Kutoka hapo China iliijengea nafaka hii heshima ambayo sijui mfano wake kwingine. Ukoo wa kifalme wa Zhou ulimtaja babu yake kuwa Houji, Bwana wa Nafaka. Udongo na nafaka vilipewa madhabahu, na jina la madhabahu hayo likawa namna ya kuitaja dola yenyewe. Ile ya Beijing, iliyojengwa karne ya 15 na kutandazwa udongo wa rangi tano, bado ipo katika bustani iliyo kando ya kasri la wafalme. Katika karne ya 6 Jia Sixie aliandika kitabu cha kilimo kiitwacho Qimin Yaoshu, na humo akaorodhesha aina zaidi ya 80 za su. Na sheria za kodi za Tang zilimtaka kila mwanamume mwenye nguvu za kazi aliyepewa ardhi atoe shi mbili za su kwa mwaka, shi ikiwa kipimo cha ujazo cha wakati ule. Tofali la Luoyang lilikuwa risiti ya kodi hiyo.

Uwele ulifuata njia nyingine. Punje za kale zaidi zinazotambulika wazi kuwa za shambani zimetoka bonde la Tilemsi, kaskazini-mashariki mwa Mali, karibu mwaka 2500 KK. Wakati huo Sahara ilikuwa inakauka, na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi walisogea kusini wakifuata malisho na maji. Kule China wanakijiji walikuwa na nguruwe zizini na walikaa mahali pamoja. Sahel, mkulima wa kwanza wa uwele alikuwa mfugaji aliyeongeza shamba kwenye safari zake. Alipanda mvua ilipoanguka na akarudi kuvuna. Huo haukuwa ukulima nusu, kama vitabu vya zamani vilivyopenda kusema. Katika nchi ambayo mvua hunyesha bonde hili mwaka huu na bonde lile mwakani, kutotulia ndiyo akili.

Hata hivyo, watu wa Tichitt walitulia. Walijenga vijiji vya mawe vyenye nyua, njia na misingi ya vihenge, vingine vikubwa sana kwa zama zao. Anayedai kwamba Afrika Magharibi haikujua ghala anapaswa kwanza kupita hapo. Tofauti ni mahali ghala lilipokaa: vihenge vya Tichitt vimo ndani ya ua wa familia. Hatuoni uwanja mmoja wa mashimo chini ya usimamizi mmoja.

Hapa inafaa kuwa waangalifu, maana ushahidi wa pande hizi mbili si sawa, na sababu mojawapo iko katika mifupa. Mimea hujenga sukari yake kwa njia kuu mbili za kikemia. Ngano, mpunga na shayiri hutumia ya kwanza. Su, shu, uwele, ulezi na mtama hutumia ya pili, ambayo hustahimili jua kali kwa maji machache. Kila njia huacha alama yake katika kaboni ya mwili wa mlaji. China ya kaskazini mimea mingi ya porini ni ya njia ya kwanza, hivyo mfupa wenye alama ya pili humtangaza mlaji wa su au shu, awe mtu, nguruwe au mbwa. Katika mbuga za Afrika nyasi zenyewe ni za njia ya pili. Ng'ombe huzila, mtu hunywa maziwa, na mifupa yake hufanana na ya mtu aliyekula uwele maisha yake yote. Kipimo kilichoifanya historia ya China isomeke kirahisi kinakaribia kuwa bubu kwetu. Kwa hiyo ukimya wa rekodi ya Afrika usichukuliwe kuwa ukimya wa wakulima wake.

Kuenea kwa nafaka hizi pia kunapambanua tabia zake. Shu ilikwenda magharibi mikononi mwa wafugaji wa milimani, na mahali pa mapema ilipoonekana katika Asia ya Kati ni Begash, Kazakhstan, karibu mwaka 2200 KK. Punje hizo hazikukutwa jikoni. Zilikuwa kaburini, pamoja na ngano iliyotoka upande wa pili wa bara, nafaka mbili ngeni zilizowekwa kwa maiti. Inawezekana basi kwamba chakula cha kila siku cha Mchina kilipokelewa huko kama kitu adimu cha ibada kabla hakijawa uji. Ulaya ilikipata katikati ya milenia ya pili KK, na kikawa chakula cha kawaida kuanzia nchi ya Ukraine hadi kaskazini mwa Italia. Zamani wataalamu waliamini kilifika huko mapema zaidi kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa punje zilionekana katika tabaka za kale sana. Zilipopimwa zenyewe moja moja, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, iligundulika kwamba ni changa na zilidondoka chini kupitia mashimo ya panya na minyoo.

Uwele ulivuka bahari. Katika milenia ya pili KK ulishafika India, pamoja na mtama na kunde, na leo ndio mkate wa Rajasthan. Ulezi nao, ambao chimbuko lake ni nyanda za juu kuanzia Ethiopia hadi Uganda, ulivuka na kukaa Karnataka, kusini mwa India, ambako huitwa ragi. Tarehe ya safari hiyo ya pili imeleta ubishi mrefu, kwani baadhi ya punje za kale zilizosemwa kuwa ulezi, zilipokaguliwa upya, zilikuwa za nyasi nyingine za kienyeji. Na hilo ni jambo la kukumbukwa: Karnataka haikuwa tupu. Wakulima wake walikuwa na nafaka zao ndogondogo, walizolima tangu milenia ya tatu KK sambamba na ng'ombe na maharage. Mgeni kutoka Afrika alipata jamii iliyokwisha kujua namna ya kutunza punje za aina yake, na huenda ndiyo maana alistawi hadi akawafunika wenyeji wake.

Karnataka ndiko nafaka hii ilikopata wakili. Katika karne ya 16 mshairi Kanakadasa, aliyetoka katika jamii ya wachungaji, alitunga kwa Kikannada kisa kiitwacho Ramadhanya Charitre. Mchele na ulezi wanabishana mbele ya mungu Rama nani bora. Mchele unajivuna kwamba unaliwa na makuhani na wafalme. Ulezi unajibu kwamba maskini huishi kwa ajili yake. Wote wawili wanafungwa gerezani miezi sita. Wakitolewa, mchele umeharibika, ulezi uko vilevile, na Rama anaupa ulezi ushindi. Wasomaji wengi wameona humo mashtaka dhidi ya matabaka ya kuzaliwa, na hawakukosea. Mimi navutiwa pia na hoja ya kesi yenyewe, kwa kuwa hukumu inasimama juu ya ukweli wa ghala: ulezi hauliwi na fukusi kirahisi na unaweza kukaa miaka mingi. Wakulima wa huko waliufukia katika mashimo ya nyumbani. Shimo ni lile lile la Luoyang kwa ufundi, lakini halina tofali, na madhabahu ya dola imegeuka kesi ambayo mnyonge anashinda.

Kwa Wabemba wa kaskazini mwa Zambia tunakuta mpangilio wa tatu. Audrey Richards, aliyeishi nao katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu mwaka 1939, alieleza kilimo chao cha chitemene: wanaume hukwea miti na kukata matawi, wanawake huyakusanya kutoka eneo kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe, kisha hurundikwa na kuchomwa kabla ya mvua, na ulezi hupandwa juu ya majivu. Chifu wa Kibemba alikuwa na ghala, na watu walimlimia. Sifa yake, hata hivyo, ilipimwa kwa sahani zilizotoka ghalani: ikulu iliyoshindwa kulisha wageni na wafanyakazi ilipoteza watu. Karani wa Tang alihesabu kilichoingia; raia wa Kibemba alihesabu kilichotoka. Kampuni ya Uingereza iliyotawala huko mwanzoni mwa karne ya 20 ilijaribu kuupiga marufuku ukataji wa matawi, ikitaka watu wakae katika vijiji vikubwa wanavyoweza kuhesabiwa na kutozwa kodi. Katazo lilileta njaa na chuki, likaachwa. Utawala wenye desturi ya tofali ulikutana na nafaka isiyokaa mahali pamoja.

Kwetu pwani hadithi ina mkunjo wake. Huko Pemba, utafiti wa Sarah Walshaw juu ya mabaki ya mimea umeonyesha kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, waliegemea uwele. Chwaka, mji wa jirani uliofuata kuanzia karne ya 11, mpunga ulichukua nafasi hiyo, sambamba na misikiti ya mawe na biashara ya mbali. Tumbe haikuwa maskini, wala haikukosa majahazi: vyombo vya kigeni vimejaa katika vifusi vyake. Ilifanya biashara na bahari yote huku ikila nafaka ya bara. Waswahili wa baadaye walichagua wali kwa sababu za meza na hadhi, si kwa sababu uwele ulishindwa kuota. Kanakadasa angewashtaki. Upande wa bara, uwele ungali Dodoma, kwa Wagogo, katika nchi ambako mvua hukatika mapema na mahindi hufia njiani.

Tofauti ninayoiona kuwa ya ndani kuliko zote iko kwenye pombe. Shu inayonata imetengenezewa vileo kaskazini mwa China hadi leo, na huko wanga huvunjwa kwa kuvu maalumu iliyooteshwa juu ya nafaka. China ya kale ilijua pia kimea: vyombo vya Mijiaya, mkoani Shaanxi, vya miaka 5,000 hivi, vina masalia ya bia ya shu na shayiri. Kuvu ilishinda, na ikawa kazi ya mafundi wanaotunza chachu yao kwa siri. Afrika Mashariki ilibaki na kimea. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa. Wachagga huutia kwenye ndizi zilizopikwa wapate mbege, na Wateso huketi kuzunguka chungu kimoja wakinywa kwa mirija mirefu. Kimea hakihitaji fundi wa ukoo fulani, kila mama mwenye kikapu na jua anaweza. Lakini pombe ya ulezi haidumu. Lazima inywewe katika siku chache zinazofuata, tena na watu wengi, kwa hiyo ziada ambayo Luoyang ilifukiwa kwa miaka, Kilimanjaro na Teso iligeuzwa kuwa kazi ya pamoja, mahari, upatanisho na deni la shukrani. Nayo ni namna ya kuweka akiba, ila benki yake ni majirani.

Kisha yakaja mahindi kutoka Amerika, na hapa mapokeo yote yanafanana kwa namna ya kushangaza. Kaskazini mwa Italia polenta iliyokuwa ya shu iligeuka kuwa ya mahindi, na maskini waliokula hiyo peke yake wakapatwa na ugonjwa wa pelagra katika karne ya 18 na ya 19. China ya kaskazini mahindi yalienea kwenye mashamba ya su, ambayo tayari ilikwisha kuipisha ngano. Afrika Mashariki ugali uliokuwa mweusi ukawa mweupe. Sababu hazitofautiani sana: mahindi hutoa mavuno makubwa, ganda lake huyalinda na ndege, na hayahitaji palizi ya mateso ya ulezi, ambayo mwanamke huinama akibagua mche wa kweli na nyasi ndugu yake inayofanana nao kabisa.

Kuna mahali pamoja mahindi hayakuingia kwa urahisi: bakuli la mzazi na mtoto. Shanxi na mikoa jirani, mwanamke aliyejifungua hupewa uji wa su wenye sukari nyekundu. Karnataka, ragi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kwa ajili ya mtoto anayeanza kula. Kwetu mzazi hunyweshwa uji wa ulezi, wenye maziwa au ndimu kadiri ya nyumba, na mtoto hufuata. China na Afrika hazikufundishana hili; India iliupokea ulezi, ila si lazima iwe ilipokea na desturi. Sababu za Wachina huelezwa kwa lugha ya joto na ubaridi wa mwili, za kwetu kwa lugha ya damu na nguvu. Kwa upande wa mtoto, maabara imeongeza maelezo yake: unga wa kimea hulainisha uji mzito, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile, jambo ambalo watafiti wa lishe wa Tanzania walilishughulikia katika miaka ya 1980. Walikwenda kukitafuta kimea hicho kwa wanawake waliokuwa wakikitengeneza siku zote, kwenye mikeka ile ile wanakoanikia cha pombe.